Chama cha Ushirika na Mwanafunzi Mwenye Swali



Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu. Maziwa yalichemshwa, yakatiwa sukari, yakaachwa yapoe, ndipo yalipoingizwa katika jokofu. Siku moja kijana wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alihofia kukosa nafasi jokofuni, akayaingiza ya kwake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, yalikuwa yameganda. Ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa kabisa, yalikuwa bado.

Alipomwuliza mwalimu sababu, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na swali lake likafanywa mzaha wa darasa. Hatimaye shule ilitembelewa na Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Mpemba akauliza mbele ya wote. Wenzake walicheka, lakini mgeni aliahidi kulipima jambo hilo, na aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara afanye hivyo. Maji ya moto yakatangulia kuganda. Mwaka 1969 Osborne na Mpemba walichapisha makala kwa pamoja katika jarida la Physics Education. Ubishi wa wataalamu haujakwisha, na mwaka 2016 wapo waliopima upya wakatilia shaka. Lakini nao walilazimika kupima.

Kijana huyo hakupungukiwa akili. Alipungukiwa mtu wa kulichukua swali lake kwa uzito, na chombo cha kulipimia. Vyote viwili vinaweza kupatikana katika chama cha msingi.

Mathalani, msichana anayetaka kushiriki maonyesho ya sayansi anauliza kama majivu yanazuia fukusi katika mahindi. Shule yake pengine haina mizani ya kufaa wala ghala. Chama kinavyo. Kinaye pia mzee aliyehifadhi mahindi kwa majivu miaka mingi, ajuaye kiasi gani hutiwa na wakati gani. Yatengwe magunia madogo sita yenye uzito sawa, ya mahindi ya aina moja: matatu yatiwe majivu, matatu yaachwe hivyo hivyo. Hayo yasiyotiwa kitu ndiyo yanayosahauliwa mara nyingi, na bila ya hayo hakuna la kulinganisha. Kila wiki mbili ahesabu punje zilizotobolewa katika kila punje mia na kuandika tarehe. Kuandika daftari lisilofutwafutwa, hapo hakuna mwalimu bora kuliko katibu wa chama!

Hata unyevu wa mahindi hupimika bila mashine. Chumvi kavu na punje chache hutiwa katika chupa kavu, hutikiswa, kisha huachwa kwa muda mfupi. Chumvi ikigandamana na chupa, mahindi hayajakauka vya kutosha kuwekwa ghalani. Maafisa wa ugani wameifundisha njia hiyo kwa muda mrefu, na mwanafunzi anaweza kuchunguza ni siku ngapi za jua zinazotosha kijijini kwake.

Msimamizi asimfanyie mtoto kazi. Amwulize amejuaje, kisha amwache apime. Matokeo yakipingana na maneno ya mzee, yaandikwe kama yalivyo, na mzee aonyeshwe kwa heshima.

Wapo makatibu watakaosita, na sababu yao inajulikana ingawa haitamkwi. Mwanafunzi aliyeazimwa mizani ataanza kwa kuijaribu. Akiweka juu yake jiwe lenye mhuri na mizani ikasema vingine, atauliza, na wazazi wake ndio wakulima wanaopimiwa hapo. Katibu huyo afadhali aulizwe na mtoto mwezi mmoja kabla ya ununuzi, apate nafasi ya kuwaita Wakala wa Vipimo, kuliko kuulizwa na mkutano mkuu baada ya malipo.

Elimu ni kanuni ya tano ya ushirika wa kimataifa, nayo haikuishia kwa watu wazima. Halmashauri ikae na mwalimu wa sayansi kabla ya mavuno, iandike katika kumbukumbu za kikao ni chombo gani kinaazimwa, siku zipi, na mjumbe yupi atakuwapo ghalani. Funguo zibaki kwa mtunza ghala.