Chuo Nafuu kwa Mwenye Ufaulu wa Kawaida: Hesabu Ianze Kabla ya Ng'ombe Kuuzwa

(Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya mikutano ya wazazi, walezi na wahitimu wa kidato cha nne katika kata)



Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, macho ya wengi huelekezwa kwa waliopata daraja la kwanza na la pili. Hao njia yao hujulikana mapema. Wengi wanaobaki ni vijana wa daraja la tatu na la nne, ambao hawakufeli wala hawakung'ara. Mada hii inawahusu wao pamoja na wazazi wao, ambao mara nyingi mfuko wao unategemea kahawa, maharage, ndizi, pamba au mifugo michache.

Kijana wa namna hiyo anaweza kupoteza nafasi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukata tamaa na kubaki nyumbani akiamini kwamba vyuo si vyake. Ya pili huumiza zaidi: familia huuza ng'ombe au kipande cha shamba, kijana hupelekwa chuo cha kwanza kilichosikika, na mwaka wa pili hurudi nyumbani bila cheti kwa kuwa fedha zimekwisha, au kwa kuwa kozi yenyewe haikuwa na ithibati. Ng'ombe hayupo tena, na cheti hakikupatikana.

Ufaulu wa kawaida unafungua milango gani?

Kozi nyingi za astashahada ya awali, yaani ngazi ya 4 ya tuzo za ufundi, humtaka mwombaji awe na ufaulu wa angalau alama D katika masomo manne ya kidato cha nne. Masomo ya dini hayahesabiwi. Kijana mwenye D nne, moja ikiwa ya Elimu ya Dini ya Kiislamu au Maarifa ya Biblia, kwa hesabu hiyo ana D tatu tu. Jambo hili lijulikane kabla ya kulipa ada ya maombi.

Aidha, kila fani ina masomo yake. Kozi za uuguzi na utabibu hudai ufaulu katika Kemia, Baiolojia na Fizikia au Sayansi ya Uhandisi. Mwenye D katika Kiswahili, Uraia, Jiografia na Baiolojia hawezi kuingia huko, hata kama Chuo cha Uuguzi Murgwanza kiko jirani na nyumbani kwao Ngara. Hata hivyo, huyo huyo anaweza kutazama kozi za maendeleo ya jamii, kama zile za Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Buhare iliyopo Musoma, au kozi za mipango na utawala katika vyuo vya umma vyenye matawi Mwanza. Mwenye masomo ya sayansi aangalie pia vyuo vya kilimo vya Serikali, kikiwemo Maruku kilichopo Wilaya ya Bukoba.

Aliyekosa somo moja tu la kumwezesha hana sababu ya kuanza upya. Anaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea na kulirudia somo hilo. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mwaka mmoja katika chuo kisichomfaa.

Mwenye D chache asidharau ufundi stadi

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Ada ya kozi zake ndefu imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na shilingi 120,000 kwa wa bweni, mbali na sare na vifaa. Fani nyingi hazimdai mwombaji D nne. Mkoa wa Kagera una chuo chake kipya eneo la Burugo, Wilaya ya Bukoba, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Oktoba 2022. Kwa wakazi wa Biharamulo, Chuo cha VETA Chato kiko wilaya ya jirani.

Vipo pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 na ambavyo sasa viko chini ya Wizara ya Elimu. Ngara ina chuo cha Remela, na Biharamulo ina chuo cha Rubondo. Binti aliyekatizwa masomo kwa ujauzito au ugumu wa maisha aulize chuoni hapo kuhusu mpango wa Elimu Haina Mwisho, ulioandaliwa kwa ajili ya wasichana wa hali hiyo.

Ufundi stadi hauishii kwenye nyundo na koleo. Anayefika ngazi ya tatu ya ufundi stadi anaweza kuomba ngazi ya 4 ya fani inayohusiana na ya kwake, kisha akapanda hadi stashahada. Njia ni ndefu, lakini kila ngazi ina cheti chake na fundi huweza kujipatia kipato akiwa safarini. Katika eneo lenye mpaka wa Rusumo na Kabanga, mradi wa umeme wa maporomoko ya Rusumo na madini ya nikeli ya Kabanga, fundi umeme na mchomeleaji hawana sababu ya kudharauliwa.

Ada peke yake si gharama

Wazazi wengi huuliza, "Ada ni kiasi gani?" Swali lingefaa kuwa, "Hadi apate cheti, zitahitajika shilingi ngapi?" Ufuatao ni mfano wa hesabu tu, wala haukihusu chuo chochote.

Chuo cha kwanza kina ada ya shilingi 800,000 kwa mwaka, lakini hakina bweni. Chumba cha kupanga ni 40,000 kwa mwezi, miezi kumi ni 400,000. Chakula cha 3,000 kwa siku kwa siku 300 ni 900,000. Nauli za mwaka ni 200,000. Jumla ni shilingi 2,300,000.

Chuo cha pili kina ada ya 1,200,000. Bweni na chakula ni 600,000, na kwa kuwa kiko karibu, nauli ni 80,000. Jumla ni shilingi 1,880,000.

Chuo kilichoonekana ghali kina unafuu wa shilingi 420,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ya stashahada ni shilingi 1,260,000. Kwa hiyo fomu ya maelekezo ya kujiunga isomwe hadi ukurasa wa mwisho: mitihani, sare, bima ya afya, mafunzo kwa vitendo na michango mingine. Jumla hiyo izidishwe kwa miaka ya kozi. Ikizidi uwezo, kijana anaweza kupanga kuishia kwanza ngazi ya 4 au ya 5, afanye kazi, kisha arudi.

Kukihakiki chuo

Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET, hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili katika tovuti yake bila malipo. Humo huorodheshwa vyuo, kozi, sifa za kujiunga, muda wa masomo na ada. Mzazi asiye na simu ya intaneti amwombe mwalimu wa sekondari au Mtendaji wa Kata amsaidie kukisoma. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa huku kozi inayotangazwa haimo. Kwa hiyo vyote viwili vitazamwe. Ajenti anayedai fedha mkononi ili "kuhifadhi nafasi" asipewe hata shilingi kabla ya uhakiki huo. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Msaada wa Serikali

Tangu mwaka wa masomo 2023/2024, Bodi ya Mikopo hutoa mikopo pia kwa baadhi ya kozi za stashahada, zikiwemo za afya, ualimu, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo. Si kila mwombaji hupata, na mwongozo wa mwaka husika ndio wenye neno la mwisho. Vilevile, Juni 2023 Serikali ilitangaza kufuta ada kwa wanaochaguliwa kujiunga na mafunzo ya ufundi katika vyuo vya DIT, MUST na Chuo cha Ufundi Arusha.

Nafasi hizi huwapita wengi kwa sababu ya karatasi. Bodi hudai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na yatima huhitaji cheti cha kifo cha mzazi. Kaya iliyo katika mpango wa TASAF iwe na namba yake tayari. Majina katika cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne yalingane herufi kwa herufi. Kazi hiyo ianze kijana akiwa bado shuleni, kwani marekebisho huchukua muda na dirisha la maombi halimsubiri mtu.

Ndugu wananchi, daraja la nne si hukumu. Kijana akae na mzazi wake, kalamu mkononi, waandike masomo aliyofaulu, fedha iliyopo na miaka inayohitajika. Chuo kitakachokubaliana na mambo hayo matatu ndicho chuo chake, hata kama jina lake halivumi mjini.