Maandalizi ya Mwanafunzi wa Kigeni Anayekuja Kutafiti Kichocho Nchini Tanzania

Wanafunzi wa afya ya jamii kutoka vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani huja Tanzania kufanya tafiti fupi za shahada, na wengi huja katika likizo ya kwao, yaani kati ya Juni na Agosti. Mada hii inachukua mfano wa utafiti wa kichocho katika shule za msingi, ugonjwa unaoletwa na minyoo wanaoishi katika mishipa ya damu na kuenezwa na konokono wa maji baridi. Hoja yake ni kwamba utafiti wa namna hiyo hufaulu pale unapopangwa kwa kufuata kalenda, saa na taratibu za wanaotafitiwa, na kwamba mpango huo hauna budi kukamilika kabla mwanafunzi hajasafiri.

Kwanza ni vibali. Utafiti wowote unaohusu binadamu huhitaji kibali cha maadili, yaani uthibitisho kwamba haki na usalama wa washiriki vimelindwa, na kwa Tanzania Bara kibali hicho hupatikana kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Mgeni huhitaji pia kibali cha utafiti cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), pamoja na kibali cha ukaazi cha daraja C; Zanzibar ina utaratibu wake. Baada ya hapo barua hushuka kutoka mkoani hadi halmashauri, kata na kijiji, na hakuna ngazi inayofaa kurukwa, kwa kuwa mwalimu mkuu hawezi kumpokea mtafiti ambaye wakuu wake hawana habari naye.

Suala la wakati ndilo linalosahaulika zaidi. Shule nyingi hufungwa mwezi Juni na kufunguliwa Julai, kwa hiyo mwanafunzi aliyepewa wiki nane anaweza kupoteza nusu yake akisubiri watoto warudi madarasani. Aidha, mayai ya minyoo wa kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi karibu na adhuhuri, na ndiyo maana mkojo hukusanywa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kisha mililita 10 zikachujwa na kichujio kikatazamwa kwa hadubini. Ratiba ya kigeni iliyoandikwa 10:00 bila maelezo huweza kusomwa na mwalimu kuwa saa 10 jioni, wakati ambao watoto wamekwisha kwenda nyumbani. Kando ya Ziwa Victoria, ambako kichocho cha tumbo ndicho kimeenea, kinachopimwa ni choo, na kwa kuwa idadi ya mayai hubadilika siku hadi siku, sampuli moja ya mtoto mmoja haitoshi kutoa hukumu.

Ridhaa nayo ina wakati wake. Mtoto hushirikishwa kwa idhini ya mzazi pamoja na ukubali wake mwenyewe, lakini mzazi anayevua dagaa usiku kwa taa hulala mchana, na kumwamsha ili atie saini karatasi ndefu si kuomba ridhaa. Katika siku za mbalamwezi wavuvi hao hupumzika, kwa sababu dagaa hawavutwi vizuri na taa, na hizo ndizo siku za kuitisha mkutano, kusoma maelezo kwa Kiswahili, au kwa lugha ya kijiji pale inapolazimu, na kujibu maswali ya wazazi bila haraka.

Mwisho ni dawa. Mtoto anayekutwa na mayai anastahili prazikwanteli, ambayo kwa kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito na humezwa baada ya kula ili kupunguza kichefuchefu. Ni kosa la kimaadili kumpima mtoto, kumwona mgonjwa na kuondoka, hivyo makubaliano na Mganga Mkuu wa Wilaya kuhusu nani atatoa dawa, uji wa watoto utapikwa na nani na matokeo yatasomwa lini mbele ya walimu na wazazi yanafaa kuandikwa katika pendekezo la utafiti lenyewe, pamoja na bajeti yake.