Nchi Jirani: Paa Peke Yake Halitoshi

Katika kila mji mkubwa wa Afrika Mashariki, askari wa doria ya usiku ndiye anayewafahamu watu wasio na makao kuliko mtu mwingine yeyote. Wenye nyumba wakiwa wamelala, yeye hupita mbele ya vibaraza vya maduka, chini ya madaraja na katika vituo vya mabasi, na huko huwakuta watoto, vijana, akina mama wenye watoto wachanga na wazee waliojifunika magunia. Askari huyo huyo ndiye anayeamriwa kuwaondoa. Kwa hiyo, swali la kwamba wakiondolewa wapelekwe wapi si swali la maofisa wa ustawi wa jamii peke yao. Linamhusu pia mvaa sare. Nchi jirani ya Kenya imelijibu swali hilo kwa njia mbili zilizo mbali sana, tangu enzi ya ukoloni hadi leo, na yafaa njia hizo zitazamwe kwa makini.

Njia ya kwanza ni ile ya nguvu. Serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilitangaza Hali ya Hatari nchini Kenya mwezi Oktoba, 1952, ili kupambana na wapiganaji wa Mau Mau. Tarehe 24 Aprili, 1954, majeshi na polisi chini ya Jenerali George Erskine waliuzingira mji wa Nairobi na kuanza msako ulioitwa Anvil, neno ambalo maana yake ni fuawe ya mhunzi. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani na makazini, wakapangwa mistari na kuchunguzwa mmoja mmoja. Watu wapatao 20,000 walipelekwa katika kambi za kizuizini, na maelfu ya wengine wakasafirishwa kurudishwa katika maeneo waliyotengewa Waafrika.

Kwa hesabu za kijeshi, msako huo ulitimiza shabaha yake, kwani mtandao wa Mau Mau mjini Nairobi ulivunjika. Lakini hesabu za kijeshi hazikuwa na safu ya kuandikia watoto. Baba akichukuliwa kizuizini na mama akihamishwa, mtoto hubaki na nani? Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1950, mitaa ya Nairobi ilikuwa na wavulana wengi wasio na wazazi wala makao. Walilala nje, waliokota chakula katika mapipa ya taka, na mara kwa mara walikamatwa kwa kosa la uzururaji. Hivyo vita viliwanyang'anya watoto hao nyumba, kisha sheria ikawashitaki kwa kukosa nyumba.

Njia ya pili ilianzishwa na mtu aliyetoka katika jeshi lile lile. Geoffrey Griffin alizaliwa mjini Eldoret mwaka 1933, mtoto wa wazazi wa Kiingereza. Katika Hali ya Hatari alikuwa ofisa kijana wa jeshi, lakini hakukubaliana na namna vita vile vilivyokuwa vikiendeshwa, naye akakataa kuendelea na utumishi huo. Baadaye alifanya kazi na vijana waliofungwa katika kambi ya Manyani, karibu na reli ya Mombasa. Kambini humo watoto walikuwa wamechanganywa na watu wazima. Vijana hao walitengwa na kuhamishiwa Wamumu, katika eneo la Mwea, ambako waya wa miiba haukuwa ndio mlezi tena. Walipewa masomo, ufundi, michezo na gwaride. Ni kweli kwamba serikali ya kikoloni iliitumia Wamumu kujisifia mbele ya dunia, huku mateso yakiendelea katika kambi nyingine. Hata hivyo, Griffin aliondoka huko na funzo moja: kwamba kijana anayeogopwa na wote hubadilika pale anapopewa mahali pa kukaa, kazi ya kufanya na mtu wa kumwamini.

Mwezi Novemba, 1959, Griffin pamoja na Waafrika wawili, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walifungua mjini Nairobi kituo cha kuwapokea wavulana wasio na makao. Gikubu mwenyewe alikuwa amepata kufungwa kizuizini. Hapo ndipo penye jambo la kutafakari kwa kila mwanajeshi na kila polisi: aliyekuwa upande wa wafungaji na aliyekuwa upande wa wafungwa walisimama pamoja kuwajengea nyumba wale ambao vita vilikuwa vimewaacha bila kitu. Mali yao ya mwanzo ilikuwa vibanda viwili vya mabati, vilivyotolewa na makampuni ya mafuta ya Shell na British Petroleum. Kituo kiliitwa Starehe.

Wahenga walisema kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini kilichokifanya kituo kile kidumu si moyo wa kutoa peke yake. Kiko pia katika utaratibu. Mvulana alipokewa bila ya kuulizwa kwanza sifa zake. Alipata kitanda, chakula, nguo na matibabu. Kisha alipewa saa ya kuamka, sehemu yake ya kufagia, darasa na ufundi, na akawekwa chini ya viranja ambao nao walikuwa vijana kama yeye. Katika baraza la shule aliruhusiwa kusimama na kusema waziwazi lisilomridhisha, na mkurugenzi alipaswa kumjibu. Baadaye vijana wa Starehe walizoeshwa kujitolea kuwatumikia wengine, katika hospitali, ofisi za umma na kwingineko, ili aliyepokea ajifunze pia kutoa. Huu ndio utekelezaji wa ile methali isemayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe hapa si adhabu. Ni ishara kwamba mgeni amekuwa mwenyeji.

Kwa msaada wa wahisani, likiwamo shirika la Save the Children la Uingereza, vibanda vile viwili vilikua hadi kuwa moja ya shule zinazosifika sana nchini Kenya, ambayo sehemu kubwa ya wanafunzi wake wametoka katika jamaa maskini na wamesoma bila kulipa ada. Griffin aliiongoza tangu siku ya kwanza mpaka alipofariki dunia mwezi Juni, 2005. Tena, Kenya huru ilipounda Huduma ya Vijana kwa Taifa mwaka 1964, yeye ndiye aliyeteuliwa kuwa mkurugenzi wake wa kwanza, akashika kazi hiyo hadi mwaka 1988. Wasikilizaji waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa, lililoundwa hapa nchini mwaka mmoja kabla, yaani 1963, watautambua mara moja moyo wa mpango huo: nidhamu, jembe na ufundi kwa pamoja.

Hata hivyo, mafanikio nayo huleta upungufu wake. Kadiri Starehe ilivyopata sifa, ndivyo nafasi zake zilivyoanza kutolewa kwa watoto maskini waliofaulu vizuri katika mitihani. Mtoto aliyekuwa barabarani bila kusoma hata darasa moja hakuwa na mtihani wa kuonyesha. Huyo naye alihitaji mlango wake.

Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1973 na padri wa Kiholanzi, Arnold Grol, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alipoanzisha Chama cha Undugu mjini Nairobi. Wakati huo vijana wengi walishinda katika maegesho ya magari, wakiwaongoza madereva kupata nafasi na kungojea senti chache. Watu wa mjini waliwaita machokora na wakawaona kuwa ni wezi. Padri Grol aliwafuata huko huko walikokuwa, usiku na mchana, kabla ya kuwaita kwake. Chama kilifungua nyumba za kuwapokea, na masomo ya msingi yaliyofupishwa kwa ajili ya mtoto aliyepitwa na umri wa kuanza shule, kisha mafunzo ya ufundi kama useremala na kazi za chuma.

Lakini Chama cha Undugu kiligundua jambo jingine. Kumtoa mtoto mmoja barabarani huku mama yake akiendelea kuishi katika kibanda kinachovuja, kinachoweza kubomolewa au kuungua wakati wowote, ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1980 chama hicho kiliingia katika kazi ya kusaidia ujenzi wa nyumba za gharama nafuu katika vijiji vya Kitui, Kanuku na Kinyago, upande wa Pumwani, na wakazi wenyewe wakashiriki katika kazi hiyo. Zilikuwa nyumba za kawaida kabisa, za miti, udongo na mabati. Thamani yake ilikuwa katika kumwezesha mzazi kukaa na mtoto wake, ili mtoto asipate sababu ya kwenda kulala barazani pa duka.

Wakati mashirika hayo yakijenga, njia ya kwanza, ile ya msako, haikufa. Sheria ya uzururaji iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni iliendelea kuwako Kenya kwa zaidi ya miaka 30 baada ya uhuru, mpaka ilipofutwa mwaka 1997. Kwa miaka yote hiyo, polisi waliweza kumkamata mtu ambaye kosa lake lilikuwa ni kutokuwa na anwani. Mwaka 2003 serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki iliunda mfuko maalumu wa kuzirekebisha familia za mitaani, ikaziondoa katika barabara za katikati ya Nairobi, na mamia ya vijana wakapelekwa katika ile ile Huduma ya Vijana kwa Taifa kujifunza ufundi. Hiyo ilikuwa hatua ya maana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo ikatamka kuwa makazi yanayofaa ni haki ya kila mtu.

Lakini takwimu hazina upendeleo. Sensa ya familia za mitaani iliyofanywa nchini Kenya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639, na kati yao 15,337 walikuwa katika Nairobi. Miaka 15 baada ya mitaa kusafishwa, mitaa ilikuwa imejaa tena. Si kwamba mafunzo hayakuwa na faida. Ni kwamba vyanzo vya tatizo, yaani umaskini wa nyumbani, ugomvi na kufiwa na wazazi, vilikuwa havijakauka, na kijana aliyehitimu ufundi bila ya kuwa na mahali pa kurudi jioni alikuwa na njia moja tu aliyoizoea.

Ingekuwa si haki kuitazama Kenya na kuisahau historia ya Tanzania yenyewe. Mwaka 1983, chini ya Sheria ya Nguvu Kazi, watu walioonekana kuwa wazururaji katika Dar es Salaam walikamatwa na kusafirishwa kupelekwa mashambani. Nia iliyotangazwa ilikuwa ni kumpatia kila mtu kazi. Lakini wengi wa waliosafirishwa walirejea mjini, kwa sababu huko walikopelekwa hawakuwa na nyumba, zana wala mwenyeji wa kuwapokea. Polisi walifanya kazi, magari yakatumia mafuta, na barabara zikarudi kuwa kama zilivyokuwa.

Basi funzo la nchi jirani ni lipi? Ni kwamba msako humhamisha mtu, lakini haumpi makao. Paa nalo peke yake halitoshi, kwani hata mahabusu ina paa. Mtu aliyeishi nje kwa miaka mingi anahitaji nyumba pamoja na mtu wa kumwangalia, anahitaji matibabu, kazi au masomo, na zaidi ya yote anahitaji muda. Vibanda viwili vya Starehe vilishinda pale operesheni kubwa ziliposhindwa kwa sababu vilikuwa na mlezi aliyekuwako leo, kesho na mwaka uliofuata.

Hayo hayana maana kwamba polisi waache kulinda mali na maisha ya raia. Mwizi ni mwizi, awe ametoka nyumbani au barazani. Lakini kukosa nyumba si wizi, na askari hodari hujua kuzitofautisha hali hizo mbili hata gizani. Jeshi la Polisi Tanzania lina Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vyake. Mtoto anayekutwa na doria saa nane za usiku afikishwe kwenye dawati hilo kabla ya kufikiriwa chumba cha mahabusu. Mkuu wa kituo naye anapaswa kuzijua nyumba za malezi zilizomo wilayani mwake, idadi ya vitanda vyake na jina la msimamizi wake, kama anavyojua idadi ya silaha zilizomo ghalani. Kwa upande wao, wanajeshi wenye ufundi wa useremala, uashi na umeme wanao uwezo wa kuzijengea nyumba hizo kwa nguvu zao wenyewe, katika siku za kujitolea.

Katika Hali ya Hatari, ofisa mmoja kijana aliona kuwa operesheni inaweza kumalizika jioni, lakini mtoto aliyeachwa nyuma yake ana njaa asubuhi. Hakuwa na cheo kikubwa wala mali. Alichokuwa nacho ni kukataa kwamba kazi yake iliishia pale amri ilipoishia. Kila askari anayepewa amri ya kusafisha barabara ana wajibu wa kumwuliza mkubwa wake, kwa adabu na kwa mujibu wa taratibu za kazi, swali hili moja: hawa wakiondoka hapa, usiku wa leo watalala wapi?