Mzizi Usiokuja Peke Yake

Juma lililopita umeme ulikatika kwetu Mbezi Beach. Nilitoka kibarazani kupunga upepo wa bahari, nikamkuta binti wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha sita, ameinamia daftari kwenye taa ya chemli, machozi yakimlengalenga.

"Mjomba, hisabati naachana nayo," aliniambia. "Hata swali lenyewe limekosewa. Wanataka polinomia yenye mizizi mitatu, wamenipa miwili tu."

Mimi hisabati niliishia kidato cha nne, tena si kwa sifa. Nikamwambia, "Mwanangu, nieleze kwa Kiswahili, polepole. Mzizi ni nini?"

"Ni namba ambayo ukiiweka mahali pa x, jibu linakuwa sifuri. Mzizi ukiwa 2, lazima yawemo mabano ya x − 2."

"Na wa pili?"

"Ni 1 + 3i. Hiyo i ukiizidisha kwa yenyewe unapata hasi 1."

"Na jawabu nalo litakuwa na i?"

"Hapana. Wamesema namba zote za kwenye jawabu ziwe halisi."

"Sasa hiyo i itakwenda wapi?"

Akanyamaza. Mara akaruka. "Lazima awepo mwenzake wa kuifuta! 1 − 3i!"

Jumla ya hao wawili ni 2, zao lao ni 10. Akaandika x² − 2x + 10. Akazidisha kwa x − 2, akapata x³ − 4x² + 14x − 20. Akajaribu 2 mahali pa x: 8 toa 16, jumlisha 28, toa 20. Sifuri! Ukizidisha yote kwa 5 mizizi ni ile ile, ndiyo maana swali lilitaka ianze na x³ tupu.

Jambo hili si geni. Mwaka 1545 Mwitalia Girolamo Cardano aliandika juu ya kugawa 10 mafungu mawili ambayo zao lake ni 40. Alipata 5 jumlisha, na 5 toa, kipeuo cha pili cha hasi 15. Namba hizo huwezi kuzipima kwa kibaba, lakini zikikutana hutoa 10 na 40 kamili.

Wasikilizaji, binti yule hakukosa akili. Kanuni ya mizizi hiyo kuja wawili wawili ilikuwamo daftarini mwake, kwa Kiingereza, kwa mwandiko mzuri. Alikuwa ameinakili, hakuwahi kuisema kwa lugha anayowazia. Watoto wetu wengi husoma hesabu kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha sekondari lugha inageuka, na wengine huishia kujiona wajinga.

Mzazi, usiseme "mimi hesabu sijui" ukaondoka. Sema hivyo, halafu vuta kiti, umwombe mtoto akueleze. Ada ya twisheni ni kubwa, lakini kuuliza ni bure.

Hadi juma lijalo, kwaherini.