Nani Atapiga Inanga Baada ya Kazi?

Mhadhara wa umma uliotolewa Mururu, wilaya ya Rusizi



Nimekuja na hoja moja. Muziki wa nchi hubebwa na watu wanaoupiga bila kulipwa. Bingwa wa jukwaani tunampenda na tunamhitaji, lakini akiachwa peke yake, siku akiondoka anaondoka na kila kitu. Anayeuhifadhi muziki ni mwalimu wa shule ya msingi anayeshika gitaa saa mbili usiku, ni mama aliyevuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza asubuhi na kitenga cha nyanya na sasa amekaa na inanga mapajani, ni fundi baiskeli ambaye iningiri yake, fidla ya uzi mmoja, imetundikwa ukutani. Hao ndio wapigaji wa ridhaa. Leo nawazungumzia hao, hasa wale walioanza wakiwa watu wazima.

Najua mtanijibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo imewanyima watu wengi furaha yao. Ni kweli kwamba mtoto hujifunza upesi, na anayetaka kupiga mbele ya watu elfu moja ni heri aanze mapema. Lakini anayetaka kupiga nyumbani kwake, au kuitikia wimbo wa mama yake kwa nyuzi, hana haja ya kuharakishwa na umri wake.

Tuanze na inanga, kwa kuwa ndiyo ala ya hapa. Ni ubao uliochongwa ukawa na umbo la chano kirefu, urefu wake ukikaribia mita moja. Haina nyuzi nyingi kama inavyoonekana. Ina uzi mmoja mrefu, ambao zamani ulitengenezwa kwa kano za ng'ombe na siku hizi mara nyingi ni nailoni au waya. Uzi huo hupitishwa kwenye meno ya ncha hii, ukavutwa hadi ncha ile, ukarudi tena, hadi zikapatikana nyuzi saba au nane. Haina vibanio vya kukazia kama gitaa. Mwanafunzi akivuta sehemu moja ya uzi ili sauti ipande, jirani yake hulegea. Kwa hiyo somo la kwanza la inanga ni la sikio, vidole vinasubiri. Unavuta, unasikiliza, unaachia kidogo, unasikiliza tena, mpaka zile sauti tano za ngazi yetu zikae mahali pake. Mwanafunzi anaweza kumaliza jioni nzima bila kupiga wimbo wowote, na asidhani amepoteza wakati. Jioni ile amejenga sikio, na bila sikio hilo hawezi kulinganisha ala yake mwenyewe.

Somo la pili ni lugha. Katika Kinyarwanda sauti ya neno ikipanda au kushuka, maana inaweza kubadilika. Mpigaji mzuri wa inanga hufuata kupanda na kushuka huko, ndiyo maana msikilizaji huhisi kwamba nyuzi zinasema. Ndugu zetu wa Burundi wamelifikisha jambo hili mbali kabisa: wana mtindo wa inanga ambamo mwimbaji hunong'ona tu, na kwa sababu mnong'ono hauna sauti ya kupanda na kushuka, nyuzi ndizo zinazomkamilishia maneno. Mtu mzima ana faida hapa ambayo mtoto hana. Ameishi na lugha kwa miaka mingi. Anazijua hadithi za ushujaa, anajua mzee anayesimulia hutua wapi na huharakisha wapi. Kilichobaki ni vidole.

Na vidole hujifunza. Wiki za mwanzo ncha zake huuma, kisha huota sugu na maumivu huisha. La muhimu zaidi ni namna ya kugawa muda. Mwaka 2002 Matthew Walker na wenzake katika Chuo Kikuu cha Harvard waliwafundisha watu wazima kubonyeza vitufe kwa mpangilio fulani kwa kutumia vidole. Waliolala usiku, bila mazoezi ya ziada, waliamka wakiwa na kasi iliyoongezeka kwa takriban asilimia 20. Usingizi ulikuwa umeendeleza kazi ya mikono. Basi anayetoka shambani amechoka asijilaumu kwa kukosa saa tatu za mazoezi. Apige robo saa, polepole, sehemu ileile ngumu anayoikwepa, kisha alale. Kesho arudie. Haba na haba hiyo inazaa matunda kuliko Jumapili nzima ya kujitesa inayofuatwa na wiki mbili za kutoigusa ala.

Inanga hii haiishii kwenye mto wetu wa Rusizi. Ng'ambo, kwa Wabashi wa Kongo, wanaiita lulanga. Mkoani Kagera, Tanzania, Wahaya wanaiita enanga na huimbia tenzi zao ndefu za mashujaa; Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliutumia muda mwingi wa utafiti wake kwa tenzi hizo, na jina la Habibu Selemani, manju wa enanga, halisahauliki huko. Nchi zimewekewa mipaka, lakini mtu wa Mururu akisikia uzi ule ukivutwa Bukavu au Bukoba, mkono wake unajua la kufanya. Kwa maoni yangu huo ni utajiri ambao bado hatujauhesabu.

Sasa nije kwa vijana wa kwaya. Katika wilaya yetu, shule kubwa ya ala kwa watu wazima ni kanisa. Misheni ya Kikatoliki ya Mibirizi ilianzishwa mwaka 1903. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walianza kazi yao Gihundwe, hapa jirani, mwaka 1940, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa ADEPR, kanisa ambalo kwaya zake sasa zimeenea nchi nzima. Kijana hufika kwenye mazoezi, humtazama mwenzake anavyoshika nyuzi, na mwenzake akienda kunywa maji, naye hulichukua gitaa. Hakuna cheti. Kuna ala moja na watu kumi wanaoingoja. Wapo wasomi wanaodharau kujifunza kwa namna hii kwa sababu hakuna noti zilizoandikwa. Mimi sikubaliani nao. Sikio lililofundishwa na kwaya hujua kupokea sauti ya mwenzake, na hilo halipatikani kwa kusoma karatasi peke yako chumbani.

Mkitaka ushahidi, tazameni Katanga. Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930, aliimba kwa Kiswahili na kupiga gitaa kavu kwa kidole gumba na cha shahada. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Bosco alikuwa karani. Vidole vile viwili vya karani vilisikika hadi Nairobi, na mwishoni mwa miaka ya sabini Mwingereza John Low alisafiri hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, ili ajifunze kwake. Wapigaji gitaa wa mabara mengine wanaendelea kuchambua hadi leo jinsi mtu mmoja alivyopiga besi na wimbo kwa pamoja.

Tazameni na Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani aliyekuwa amepoteza kazi, alianzisha okestra ya Kanisa la Kimbangu. Watu walitoka sokoni na kwenye karakana, jioni wakajifunza fidla ambazo hawakuwa wamewahi kuzigusa. Fidla zilikuwa chache, wakapiga kwa zamu. Uzi ulipokatika, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Watu hao walifikia kupiga simfonia ya tisa ya Beethoven, na filamu ya mwaka 2010 iliwaonyesha kwa dunia nzima. Na Zanzibar? Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905 na Culture Musical Club mwaka 1958. Vyote ni vikundi vya wanachama, watu wenye shughuli zao mchana na ala zao usiku. Taarabu tunayoisifu ililelewa humo.

Hapa kwetu, mfano unaonigusa kuliko yote uko Huye. Ngoma za Rwanda zilikuwa za wanaume. Mwanamke hakuruhusiwa kuzipiga. Mwaka 2004 Odile Gakire Katese alikusanya wanawake na kuanzisha Ingoma Nshya. Miongoni mwao walikuwamo wajane na wanawake ambao ndugu zao walikuwa wamefungwa baada ya mauaji ya kimbari. Hawakuwa wasanii. Walijifunza wakiwa watu wazima, bega kwa bega, na ngoma zao zimesikika katika nchi nyingi. Katika inanga, Sophie Nzayisenga alifundishwa na baba yake, Kirusu Thomas, tangu utotoni, naye leo ni bingwa anayetambuliwa. Njia hizi mbili, ya utotoni na ya ukubwani, zote ni halali.

Niseme na jambo zito. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 tulimpoteza Cyprien Rugamba, mtunzi na mshairi, aliyeuawa Aprili 7 pamoja na mke wake Daphrose na baadhi ya watoto wao. Tulimpoteza André Sebanani wa Orchestre Impala. Tulipoteza pia wengi ambao majina yao hayakuchapishwa popote, wazee waliojua nyimbo za mlima mmoja tu. Wimbo unaojulikana na mtu mmoja huuawa pamoja naye. Wimbo unaojulikana na watu mia wasio mabingwa, hata kama kila mmoja anaupiga kwa kusitasita, una mahali pa kurudi. Ndiyo sababu sioni kujifunza ala baada ya kazi kuwa burudani ya watu wenye nafasi. Naiona kuwa sehemu ya kujenga upya.

Shule ya Muziki ya Nyundo, iliyofunguliwa mwaka 2014, inafanya kazi njema, lakini huchagua vijana wachache kwa usaili. Wanaobaki nje ni sisi wengine wote, na kwa sisi hao nina maombi kwa walioko katika ukumbi huu. Wachungaji na mapadri, fungueni mlango wa chumba cha ala jioni moja ya katikati ya wiki, kwa yeyote, hata asiye wa kwaya. Walimu wakuu wa tarafa ya Mururu, nunueni inanga moja kwa kila shule, tena mnunue kwa mchongaji wa hapa na mumlipe bei yake, maana pasipo mchongaji hakuna mpigaji. Wazee mnaojua kupiga umuduri, ule upinde wenye kibuyu, msingoje kualikwa kwenye sherehe. Waiteni wajukuu, na muwaite wazazi wao pia. Nawe mama, nawe baba, uliyekuwa unajiambia kwamba wakati wako umepita: ukitoka hapa mtafute anayejua, mwombe akufundishe wimbo mmoja, na ukishauweza mfundishe jirani yako.