Neno la Kiingereza Halitembei Peke Yake

 Ndugu zangu mlioko Marekani, Uingereza, Kanada na kwingineko, leo ni msamiati wa Kiingereza. Wale wanaowaahidi maneno elfu moja kwa wiki, achaneni nao.

Chukua neno moja tu, "charge". Wengi tulilijulia kwenye simu, na kuchaji tumeshakufanya Kiswahili. Sasa umetoka hospitali, bili imefika, imeandikwa "charges". Hizo ni pesa unazotozwa. Siku nyingine polisi wanakupigia: mdogo wako "has been charged with theft". Ukidhani kuna ada ya kulipa yaishe, umekwisha; kijana ameshtakiwa kwa wizi. Angalia kineno kinachofuata: "charged for" ni kutozwa, "charged with" ni kushtakiwa. Kwa hiyo kwenye daftari usiandike neno pweke na maana moja pembeni. Andika sentensi nzima, ile uliyoisikia au kuisoma mwenyewe.

Na "discharge" je? Daktari akisema leo unakuwa "discharged", fungasha, umeruhusiwa kwenda nyumbani. Nesi akiuliza kama kidonda kina "discharge", anataka kujua kama kinatoa usaha au majimaji. Ukimjibu kwamba uliruhusiwa jana, mtatazamana.

Uanzie wapi? Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno yapatayo 2,000 yanayotumika sana, na hayo yanabeba karibu asilimia 80 ya maandishi mengi ya Kiingereza. Kusoma gazeti au riwaya bila msaada ni habari nyingine: mwaka 2006 mtafiti Paul Nation alikadiria familia za maneno 8,000 hadi 9,000, yaani neno pamoja na yote yanayozaliwa nalo. Msikate tamaa, lakini msirukie maneno ya kujionyesha wakati hayo 2,000 bado yanayumba.

Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili itakupa maana upesi, ila mara nyingi haitakuonyesha hiyo "with" na "for". Tafuta kamusi ya wanaojifunza lugha. Ile ya Longman, iliyotoka mara ya kwanza 1978, hufafanua kila kitu kwa maneno yapatayo 2,000 tu, na mtandaoni ni bure.

Kisha rudia sentensi zako za daftarini kesho, rudia tena baada ya wiki, huku umefunika maana kwa mkono.

Sasa niandikieni hapo chini neno lililowasumbua kazini au hospitali, na muweke sentensi nzima. Neno tupu sitalijibu.