Nani Anaweza Kungoja? Mifumo ya Kubashiri Bei na Haki katika Masoko ya Mikataba ya Baadaye

Mhadhara wa umma uliotolewa Tawa, Kaunti ya Makueni



Nimeombwa nizungumzie masoko ambamo mtu huuza na kununua leo kitu kitakachotolewa miezi ijayo, na swali nililopewa ni fupi: je, masoko hayo yana haki? Wengi wataona swali hili ni la Nairobi au la Chicago. Mimi nasema ni la hapa. Baadhi ya vijana mlioketi mbele yangu mna programu za kununua na kuuza dola, dhahabu na mafuta kwenye simu zenu, na mmelipia mafunzo ya kusoma chati. Wazazi wenu nao wanalima ndengu na mbaazi, mazao ambayo bei yake huamuliwa mbali na milima ya Mbooni. Nitajaribu kuonyesha kwamba makundi haya mawili hupoteza fedha kwa sababu moja.

Kwanza tuutazame mkataba wenyewe. Mwezi Julai 2019 Soko la Hisa la Nairobi lilifungua soko la mikataba ya baadaye liitwalo NEXT, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kati ya mikataba ya mwanzo ulikuwemo wa Safaricom, wenye hisa 1,000. Tuseme hisa ni shilingi 20. Mkataba huo una thamani ya shilingi 20,000, lakini mnunuzi haweki zote. Anaweka dhamana tu, tuseme 2,000. Jioni bei ikifunga kwa shilingi 19, shilingi 1,000 zinatolewa kwenye dhamana yake na kwenda kwa aliyeuza. Hapo anaambiwa aongeze fedha. Asipoongeza, mkataba wake unafungwa. Wiki ijayo bei ikipanda hadi 23, haimhusu tena. Aliona sawasawa kwamba bei itapanda, na bado amepoteza.

Hesabu hii ndogo ina mambo mawili ambayo nitayarudia. La kwanza: faida ya mmoja ni hasara ya mwenziwe, shilingi kwa shilingi, na ada ikishatolewa, wote wawili kwa jumla wanabaki na pungufu ya walichokuja nacho. La pili: anayetolewa sokoni si lazima awe aliyekosea. Ni yule aliyeishiwa kabla ya wenzake.

Masoko haya hayakuzaliwa kama kamari. Huko Osaka, Japani, serikali ililitambua soko la mchele la Dojima mwaka 1730, na mapokeo ya Wajapani yanamtaja mfanyabiashara Munehisa Homma kuwa baba wa zile chati za mishumaa mnazozitazama kwenye simu. Chicago ilianzisha soko lake la nafaka mwaka 1848 kwa sababu mtakayoielewa bila maelezo marefu: wakulima walikuwa wakivuna pamoja, wakifika mjini pamoja, na bei ikianguka siku hiyo hiyo. Mkataba uliomhakikishia mkulima bei kabla ya mavuno ulimwondolea hofu, na hofu hiyo ikabebwa na mtu mwenye fedha aliyekubali kuibeba kwa matumaini ya faida. Huyo anayeibeba ana kazi ya kweli sokoni. Bila yeye mkulima hana wa kumuuzia hatari yake.

Sasa niwageukie vijana, kwa heshima na bila kuwaficha kitu. Je, chati zinaweza kutabiri bei? Mwaka 1900 Louis Bachelier aliandika tasnifu huko Paris akisema kwamba matarajio ya kihesabu ya mbashiri wa bei ni sifuri: yote yanayojulikana tayari yamo ndani ya bei ya leo. Mwaka 1933 Alfred Cowles wa Marekani alizipima kazi za watabiri wa soko la hisa, akakuta kwamba hawakuonyesha ujuzi unaozidi bahati. Hoja hiyo ingeishia hapo kama si ushahidi wa upande wa pili, nami sitauruka. Mwaka 1983 Richard Dennis wa Chicago aliwafundisha watu wasio na uzoefu kanuni ambazo mtoto wa darasa la sita angeweza kuzifuata: nunua bei ikipita kilele cha siku 20 zilizopita, toka ikishuka chini ya kiwango cha chini kabisa cha siku 10. Baadhi yao walipata fedha nyingi. Na mwaka 2012 Moskowitz, Ooi na Pedersen walichunguza mikataba 58 ya bidhaa, hisa, hatifungani na sarafu, wakaona kwamba bei iliyopanda kwa mwaka mmoja ilielekea kuendelea kupanda kwa muda.

Kwa hiyo siwezi kusimama hapa niseme kila mfumo ni uongo. Nasema mtazame unavyofanya kazi. Mfumo wa kufuata mwelekeo hupoteza kidogo kidogo mara nyingi, kisha hupata kwa wingi mara chache. Anayeufuata lazima ashike masoko mengi kwa pamoja, avumilie miezi au hata miaka ya hasara, na awe na fedha siku ile ya faida inapofika. Dennis mwenyewe alipata hasara kubwa na kuacha kusimamia fedha za watu mwaka 1988. Mfuko wenye mamilioni ya dola unaweza kungoja namna hiyo. Kijana mwenye shilingi 10,000, aliyekuza dau lake mara kumi kwa mkopo wa dalali, anafutwa na mshuko wa asilimia 10 tu. Tena anaweza kuwa na mfumo ule ule.

Matokeo yameshapimwa. Chague, De-Losso na Giovannetti waliwafuatilia watu waliofanya biashara ya siku kwa siku katika soko la mikataba ya baadaye la Brazili. Kati ya walioendelea kwa zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza fedha. Msimamizi wa masoko ya India, SEBI, alitangaza mwaka 2024 kwamba asilimia 93 ya watu binafsi waliofanya biashara ya mikataba ya aina hii kwenye hisa walipata hasara katika miaka mitatu. Hao si watu wajinga. Wengi wamesoma, wana chati, wana walimu. Anayekuuzia mafunzo ya chati analipwa leo na kwa hakika. Uwezo wa kungoja hajakuuzia, kwa kuwa hauuziki darasani.

Je, soko la namna hii lina haki? Kwa hesabu ya Bachelier, ndiyo: hakuna mwenye bei ya siri, na ni kama kurusha sarafu ambayo haikulemezwa upande mmoja. Lakini watu wawili wakirusha sarafu ya haki, mmoja ana shilingi mia na mwingine ana milioni, na mchezo hauishi mpaka mmoja afilisike, sote tunajua nani atafilisika. Kanuni za haki hazitoshi palipo na tofauti kubwa ya uwezo wa kungoja.

Tena uwezo huo ukizidi, unaweza kuipinda bei yenyewe. Mwaka 1955 wafanyabiashara wawili wa Chicago, Vincent Kosuga na Sam Siegel, walikusanya karibu vitunguu vyote vilivyokuwa katika maghala ya mji, kisha wakauza mikataba wakijua watavimwaga sokoni. Gunia la vitunguu la dola 2.75 mwezi Agosti lilifika senti 10 mwezi Machi 1956. Gunia tupu lilikuwa ghali kuliko vitunguu vilivyokuwa ndani yake. Wakulima walifilisika, na mwaka 1958 Bunge la Marekani likapiga marufuku mikataba ya baadaye ya vitunguu. Sheria hiyo ipo hadi leo.

Nasi tumo katika hadithi kama hizo. Ndengu zina mla mkubwa, India. Mwezi Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo kwa uagizaji wa ndengu na mbaazi, na wakulima wa Afrika Mashariki, hasa wa mbaazi, wakaona bei ikiporomoka kwa uamuzi ambao hawakuulizwa. Mwezi Desemba 2021 India hiyo hiyo ilisimamisha mikataba ya baadaye ya mazao kadhaa, ndengu zikiwemo, kwa hofu ya kupanda kwa bei ya chakula. Serikali ina haki ya kumlinda mlaji wake. Ila kuzima soko hakuondoi bei. Kunaondoa tu taa iliyokuwa ikimwonyesha kila mtu bei inakoelekea, na gizani mwenye simu ya kumpigia mnunuzi wa Mumbai anaona zaidi kuliko mwenye jembe.

Turudi hapa. Ndengu za mvua za vuli huvunwa mwanzoni mwa mwaka, na shule hufunguliwa Januari. Kila mzazi anajua maana yake. Karo haingoji. Mama anapeleka ndengu zake sokoni wiki ile ile ambayo jirani zake wote wamepeleka zao, dalali anapima kwa gorogoro lake mwenyewe, na bei ni ile anayoitaja yeye. Mwezi wa tano bei ikipanda, faida ni ya aliyekuwa na ghala. Kagera, Tanzania, kuna ubaya mkubwa zaidi: mkulima mwenye dhiki huuza kahawa ingali maua, kwa bei ya kutupa, katika biashara iitwayo butura, ambayo serikali imeipiga vita kwa miaka mingi. Butura ni mkataba wa baadaye. Umekosa tu bei ya wazi, kipimo kinachokubalika, ushindani wa wanunuzi na msimamizi.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Kweli, lakini subira ina gharama yake, na maskini hukosa heri kwa sababu hana cha kuilipia. Kazi ya soko la haki ni kuipunguza gharama hiyo.

Jinsi ya kufanya hivyo inajulikana. Ghala lenye mizani iliyokaguliwa, gredi zilizoandikwa, na stakabadhi ambayo benki inaikubali kama dhamana: mkulima anaweka magunia yake, anachukua mkopo wa karo, anauza bei ikifaa. Tanzania ilitunga sheria ya stakabadhi za ghala mwaka 2005 na kuitumia kwenye korosho. Ethiopia ilifungua soko lake la bidhaa mwaka 2008 chini ya Eleni Gabre-Madhin, likianza na maghala na gredi kabla ya kufikiria mikataba ya baadaye. Kenya ilipitisha Sheria ya Mfumo wa Stakabadhi za Ghala mwaka 2019. Sheria tunayo. Lililobaki ni kuifikisha hapa, na hilo ni deni la serikali ya taifa na za kaunti za Makueni na Kitui. Mikataba ya baadaye ya ndengu ije baada ya hapo, ikiwa na mipaka ya kumzuia mtu mmoja asishike ghala lote.

Kwenu vijana nina ombi. Akili mnayoitumia kusoma chati za dhahabu usiku kucha inahitajika hapa. Andikeni bei ya ndengu ya kila wiki katika masoko ya Tawa, Wote, Kitui na Machakos, muibandike pale mama zenu wanapoiona. Fedha mnazotaka kuziweka kwa dalali wa mtandaoni ziwekeni kwenye chama, chama kinunue mizani na kukodi ghala. Katika soko la mikataba mnamtafuta mtu wa kumshinda, naye ana uwezo mkubwa wa kungoja kuliko ninyi. Katika ghala la pamoja ninyi ndio mtakaokuwa na uwezo huo, na msimu wa kwanza utakaopita bila mzazi kuuza ndengu kwa ajili ya karo ya Januari utakuwa faida ambayo hakuna aliyeipoteza upande wa pili ila yule aliyekuwa akiishi kwa dhiki yetu.